Macho Kwanza, Ada Baadaye: Mwongozo Kamili wa Udereva kwa Mwenye Uoni Hafifu, Mwanza

Wengi wenye uoni hafifu wanaotaka leseni hukwama mahali pamoja. Mtu analipa ada ya shule ya udereva, anajifunza wiki kadhaa, anaiva kwenye klachi na usukani, halafu mwishoni kabisa anasimamishwa mbele ya ubao wa herufi na kuambiwa haoni vya kutosha. Ada imekwenda. Kinachouma zaidi ni kwamba wapo ambao tatizo lao lingeisha kwa miwani sahihi, na wapo ambao wangeambiwa ukweli siku ya kwanza, fedha ile wakaifanyia jambo jingine.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Ufuate hatua kwa hatua, wala usiruke.

## Vitu vya kuandaa

- Kitambulisho cha NIDA (au namba yake) na namba ya mlipakodi, TIN.
- Kamba ya manila ya mita 20. Ipime dukani kwa futi ya fundi, usikadirie kwa mikono.
- Kipande cha boksi gumu, kama la majani ya chai, na sindano ya kushonea.
- Daftari na kalamu.
- Kofia yenye ukingo wa mbele.
- Vitambaa viwili vya pamba visivyotoa nyuzi, na sabuni ya maji.
- Mtu mmoja mwenye macho mazuri, mvumilivu, asiyekuonea aibu kukwambia "hapo umekosea."

## Hatua ya 1: Jipime nyumbani

Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kukuonyesha uko wapi kabla hujatoa hata shilingi.

Kamba na namba ya gari. Tafuta gari lililoegeshwa mchana, namba yake ikiwa safi, na iwe namba usiyoijua. Msaidizi ashike ncha ya kamba kwenye bampa, wewe unyooshe hadi mwisho. Ukiwa mita 20, soma namba kwa sauti, herufi moja moja. Anza na macho yote mawili, kisha ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, halafu badilisha. Ukishindwa, sogea hatua moja moja mpaka usome yote bila kubahatisha, na upime umbali huo. Angalia hasa 8 na B, D na 0. Hapo ndipo jicho dhaifu hujidanganya.

Andika: jicho la kulia mita ngapi, la kushoto ngapi, yote mawili ngapi. Usikunje macho. Ukiyakunja, mwanya kati ya kope huwa mwembamba na kusafisha picha kwa sekunde chache, ukapata alama ambayo huwezi kuishikilia nusu saa barabarani.

Kitundu cha sindano. Toboa lile boksi tundu moja lenye upana wa milimita 1 hivi, kisha kwangua nyuzinyuzi pembeni ili libaki duara safi. Rudi mahali uliposhindwa kusoma. Ziba jicho moja, sogeza tundu karibu kabisa na jicho lingine, angalia namba ile ile. Fanya hivyo kwenye mwanga wa kutosha, na kamwe usielekeze tundu kwenye jua.

Herufi zikiwa safi ghafla, huenda shida yako ni mwanga kutokutua vizuri ndani ya jicho, na hiyo kwa kawaida ni kazi ya miwani. Zikibaki na ukungu ule ule, shida inaweza kuwa kwenye lenzi ya jicho lenyewe (mtoto wa jicho), kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), au kwenye mshipa wa fahamu wa jicho. Watu wengi wenye ualbino hupata nafuu ndogo tu hapa, kwa sababu retina yao haikukomaa katikati. Usikate tamaa kwa hilo, lakini lijue mapema.

Uoni wa pembeni. Kaeni mkitazamana, mita 1 kati yenu. Wewe ziba jicho la kushoto, msaidizi azibe la kulia, na utazame jicho lake lililo wazi bila kuhama. Anyooshe mkono, alete kidole taratibu kutoka nje kuingia katikati: kulia, kushoto, juu, chini. Nyote mnapaswa kukiona karibu wakati mmoja. Yeye akikiona mapema sana kila mara upande fulani, andika upande huo. Presha ya macho hula uoni wa pembeni kimyakimya, na mtu anaweza kusoma namba vizuri huku hamwoni bodaboda anayemjia ubavuni.

Hatua hii imekamilika ukiwa na daftari lenye umbali wa kila jicho, jibu la kitundu, na maelezo ya pande zote.

## Hatua ya 2: Nenda kliniki ya macho

Mwanza kuna huduma ya macho Bugando na Sekou Toure. Nenda na daftari lako na mtu wa kukurudisha nyumbani. Huenda ukawekewa dawa ya kupanua mboni ili daktari aone nyuma ya jicho. Mwanga utakuumiza na maandishi yataparaganyika kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Siku hiyo usiendeshe chochote, hata baiskeli.

Sema wazi: "Ninataka kujifunza udereva." Kisha omba vitu hivi, na vyote viandikwe kwa tarakimu:

1. Uwezo wa kuona mbali wa kila jicho, bila miwani na kwa lenzi bora.
2. Uwanja wa kuona, yaani upana wa pembeni.
3. Presha ya macho na hali ya retina.
4. Jibu la swali hili: hali yangu imetulia, au inaendelea kushuka?

Swali la nne husahaulika, nalo ni zito kuliko yote. Mtu mwenye uoni uleule tangu utotoni anajifunza akiwa na macho anayoyazoea. Anayepoteza kidogo kila mwaka anaweza kupata leseni leo na mwakani akawa hatari bila kujijua.

Kuhusu zile tarakimu: 6/12 maana yake ni kwamba kile ambacho jicho zima hukisoma kutoka mita 12, wewe unakisoma ukiwa mita 6. Ihamishe barabarani. Kibao kinachosomeka kwa mwenzako kutoka mita 60, wewe unakisoma ukibakiza 30. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo maeneo ya makazi, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Yeye ana sekunde 4 na ushei za kufikiri. Wewe una 2.

Mambo matatu huharibu kipimo hiki. La kwanza ni sukari: kama una kisukari na haijatulia, uoni hupanda na kushuka nayo, na miwani utakayopimiwa wiki hii haitakufaa wiki ijayo. Tuliza sukari kwanza. La pili ni upasuaji wa mtoto wa jicho: jicho linahitaji wiki kadhaa kutulia kabla ya kupimiwa miwani ya kudumu, na daktari aliyekupasua ndiye anayekupa tarehe. La tatu ni kukariri ubao. Wapo wanaosikiliza mgonjwa aliyetangulia wakashika mstari mzima. Tafadhali usifanye hivyo. Mtoto anayevuka pale Mabatini hayumo kwenye ubao uliokariri.

Asiyejua kusoma asiogope. Upo ubao wa alama ya E iliyogeuzwa pande nne. Unaonyesha kwa mkono tu imeelekea wapi.

## Hatua ya 3: Pata miwani ya barabarani

Miwani ya kusomea inayouzwa mezani sokoni haifai kuendeshea. Imetengenezwa kwa umbali wa kitabu. Ukitazama mbali nayo, barabara inakuwa ukungu.

Chagua fremu yenye mikono myembamba. Mikono minene huziba pembeni, na pembeni ndipo pikipiki zinapotokea. Omba lenzi zenye utando wa kuzuia mng'ao wa taa. Lenzi zinazojigeuza kuwa nyeusi juani usizitegemee ndani ya gari: hugeuka kwa mionzi ambayo kioo cha mbele huizuia sehemu kubwa, kwa hiyo hubaki karibu nyeupe wakati unazihitaji. Anayeumizwa na mwanga, hasa mwenye ualbino, apate pia miwani ya jua yenye namba yake mwenyewe, ya kahawia au kijivu, ya mchana tu. Miwani ya njano inayonadiwa kuwa "ya usiku" inapunguza mwanga ulio mdogo tayari. Iache.

Vaa miwani mpya kila siku, kwa miguu, kwa wiki moja hadi mbili kabla ya kushika usukani. Ngazi zitaonekana kama zimesogea na sakafu kama imepinda; ubongo unazoea.

Kisha rudia kamba. Ukisoma namba kutoka mita 20 kwa macho yote mawili, siku tatu tofauti, bila kukunja macho, miwani imefanya kazi yake.

## Hatua ya 4: Amua kabla ya kulipa

Hapa ndipo penye uzito wote, basi tulia.

Uingereza dereva wa gari dogo anatakiwa asome namba ya gari kutoka mita 20, awe na angalau 6/12, na uwanja wa kuona wa nyuzi 120 kwa upana. Tumia vipimo hivyo kama kizingiti chako cha kujikagua. Hapa kwetu, neno la mwisho ni la daktari aliyekupima na la maafisa wanaosimamia leseni.

Umefika 6/12 au zaidi ukiwa na miwani, na pembeni pazima. Endelea na hatua ya 5. Kuanzia leo miwani ni sehemu ya gari lako kama breki.

Jicho moja ni zuri, lingine halioni. Muulize daktari kwanza. Kama jicho limepotea karibuni, inahitajika miezi kadhaa ya kuzoea kukadiria umbali. Mimina chai kwenye kikombe, dakia mpira, shuka ngazi. Ukiwa bado unamwaga chai nje ya kikombe, gari lisubiri.

Hujafika 6/12 kwa lenzi bora, au uoni wa pembeni umekatika. Simama hapa. Usilipe ada kwa matumaini kwamba mtahini atakuhurumia.

Wengi wa kundi hili wameona mtandaoni watu wa Marekani wakiendesha na darubini ndogo iliyobandikwa juu ya lenzi ya miwani. Ni kweli, baadhi ya majimbo ya huko huruhusu, na Uholanzi pia. Ila dereva hatazami kupitia darubini muda wote. Anaendesha kwa lenzi ya kawaida ya chini, na anainamisha kichwa kidogo kupata mtupo wa jicho wa sekunde moja hivi, asome kibao au taa, kisha anarudi. Hufundishwa matumizi hayo na wataalamu, na leseni yake hutegemea sheria ya huko. Kuagiza darubini hiyo na kuingia nayo Barabara ya Nyerere ni kujiua na kuua. Ukiitamani, mpelekee daktari swali hilo, na upate jibu la maandishi kutoka kwa wasimamizi wa leseni kabla ya kununua.

Wala bodaboda si njia ya mkato. Pikipiki inataka macho zaidi ya gari: upepo, vumbi, kofia inayobana pembeni, na shimo moja tu linakuangusha.

Kama lengo lilikuwa biashara, fedha ya ada na ya kutengeneza gari la kujifunzia inaweza kumlipa dereva mwenye leseni kwa safari zako za soko la samaki la Mwaloni kwa muda mrefu. Piga hesabu hiyo kwa kalamu.

## Hatua ya 5: Leseni ya kujifunzia na shule

Pata leseni ya mwanafunzi kupitia TRA kabla ya kuingia barabarani. Umri wa gari ni miaka 18. Kisha chagua shule iliyosajiliwa, na uliza maswali haya kabla ya kulipa:

- Gari lina breki ya pili upande wa mwalimu?
- Nitafundishwa na mwalimu mmoja mwanzo hadi mwisho?
- Naweza kuchagua saa za masomo?
- Naweza kuongeza siku za uwanjani kabla ya barabarani?

Mweleze mwalimu hali yako waziwazi. Mwenye macho yanayochezacheza mara nyingi hugeuza kichwa upande mmoja ili yatulie. Mwalimu asiyejua ataona kama hutazami mbele na atakugombeza, nawe utanyoosha kichwa na kuona vibaya zaidi. Mwombe pia atoe maelekezo mapema: "kona ya pili kushoto," mita 100 kabla. "Pale penye mti" halikufai.

Alama za barabarani jifunze kwa umbo na rangi kwanza, mchoro baadaye. Pembe nane nyekundu ni simama. Pembetatu yenye kichwa chini ni toa njia. Pembetatu yenye kichwa juu ni tahadhari. Duara ni amri au katazo. Umbo huonekana mbali sana kabla ya mchoro, na zile sekunde 2 ulizopungukiwa unazirudisha hapo. Msaidizi akuonyeshe maumbo matupu ya karatasi kutoka mita 20 mpaka uyataje bila kusita.

## Hatua ya 6: Andaa gari

Kioo cha mbele kioshe nje na ndani. Ndani ndiko kunakosahauliwa: plastiki ya dashibodi ikipata joto hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo kama mafuta mepesi, na jua likipiga, kioo chote kinakuwa cheupe. Kitambaa cha kwanza chenye maji na sabuni, cha pili kikavu.

Karibu na ziwa, wadudu wadogo wa ziwani hujibandika kwenye kioo. Usiwashe waipa wakiwa wakavu. Watapakaa kama siagi. Lowesha, subiri dakika mbili, ndipo ufute. Mpira wa waipa ukiacha mistari, badilisha.

Ondoa karatasi na vitu vyeupe juu ya dashibodi, vinajirudia kwenye kioo. Inua kiti hadi shubiri moja ibaki kati ya kichwa na paa. Kioo cha pembeni kionyeshe ubavu wa gari lako kama uzi tu. Kilichobaki chote kiwe barabara.

## Hatua ya 7: Masomo barabarani, kwa mpangilio wa mwanga

Wengine hupanga masomo kwa ugumu wa njia. Wewe panga kwa ugumu wa njia na kwa jua.

Anzia uwanjani, gari likitembea na kusimama kwa amri, mpaka miguu ijue pedali bila macho kushuka chini. Kisha mitaa tulivu kama Capri Point, ambako vilima vitakufundisha klachi. Halafu Barabara ya Makongoro kuelekea uwanja wa ndege. Mwisho Barabara ya Nyerere hadi Igoma, kwenye daladala, bajaji na bodaboda.

Nyerere inakwenda mashariki. Ukitoka mjini saa 1 asubuhi, jua liko usoni. Ukirudi saa 11 jioni, liko usoni tena. Masomo ya kwanza yawe kati ya saa 3 na saa 10. Makongoro inakwenda kaskazini, hivyo jioni jua linakupiga kutoka kushoto, upande wa ziwa. Daraja la Kigongo–Busisi, karibu kilomita 3 juu ya maji, liache mpaka uzoee mng'ao: maji pande zote mbili hurudisha mwanga hata jua likiwa juu.

Mazoea manne yafanye damu yako:

Geuza kichwa, si macho tu. Vioo kila sekunde 5 hadi 8, na bega kabla ya kuhama. Bodaboda anapita kulia na kushoto pia.

Acha sekunde 4. Gari la mbele likipita nguzo, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili..." hadi nne. Ukifika kwenye nguzo kabla, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, hesabu nane.

Tazama chini ya magari. Miguu ya mtu anayetaka kuvuka huonekana chini ya daladala iliyosimama kabla kichwa hakijatokea.

Punguza kabla ya kuelewa. Ukiona kitu na hujui ni nini, mguu utoke kwenye mafuta kwanza. Wenye uoni hafifu hufeli kwa kufanya kinyume: husubiri wahakikishe, kisha wanakanyaga breki kwa kishindo.

Kwenye kipilefti cha samaki mjini, subiri wanaotoka kulia. Usiingie kwa kufuata gari la mbele. Nafasi yake haikuwa yako.

Usiku usijifunze mpaka uwe mzuri mchana. Taa za chini humulika mita 40 hadi 60 hivi, na gari la kilomita 80 kwa saa linahitaji zaidi ya mita 50 kusimama. Ukipigwa taa kali, tazama ukingo wa kushoto wa barabara.

Uko tayari pale mwalimu anapokaa masomo matatu mfululizo bila kugusa breki yake wala kukuonyesha mtu au kibao.

## Hatua ya 8: Siku ya mtihani

Lala vya kutosha. Beba miwani unayovaa, ya akiba, na ripoti ya daktari. Usipange kliniki ya dawa ya mboni wiki hiyo.

Mwambie afande kabla gari halijawashwa: "Ninavaa miwani, na nageuza kichwa ili nione vizuri." Usiposikia agizo, omba arudie, kubahatisha ndiko kunakoangusha. Geuza kichwa kwa namna inayoonekana. Mtahini hawezi kusoma mboni zako.

Ukifaulu, unakwenda na cheti chako TRA kwa picha, alama za vidole na malipo.

## Hatua ya 9: Baada ya leseni

Leseni inadumu miaka 5. Macho hayasubiri miaka 5. Nenda kliniki kila mwaka, au mapema zaidi daktari akisema.

Acha kuendesha mara moja ukianza kuona duara za rangi kuzunguka taa, ukianza kukwaruza upande uleule wa gari, au pikipiki zikianza "kutokea ghafla" kutoka upande mmoja.

Ile kamba ya mita 20 ikae kwenye buti. Kila baada ya miezi 3, mchana, simama mbele ya gari usilolijua usome namba ukiwa na miwani yako. Siku ukilazimika kusogea hata hatua mbili, mpe mtu mwingine ufunguo arudishe gari, na upange siku ya kliniki kabla ya kulala.